Mkanda wa Tumboni na Bastola Inayorudi

Mpwa wangu alipata leseni ya kumiliki bastola majuzi hapa Mombasa, na swali lake la kwanza kwangu halikuhusu bastola yenyewe bali mahali pa kuivaa. "Mjomba," alisema, "ala ya plastiki ngumu inanichubua kiuno, na shati likipanda kidogo kila mtu anaiona. Huu mkanda wa elastiki wa tumboni una ubaya gani?" Swali lake ni la haki. Mkanda huo niliuvaa mwenyewe kwa miezi minne.

Asiyeujua na aufikirie mkwiji wa wazee wetu, ule mfuko wa pesa wa kufungwa kiunoni. Ni kitambaa kipana kinachonyumbuka, ambacho huzungushwa juu kidogo ya suruali, na kina mfuko ulioshonwa ambamo bastola huchomekwa na kubanwa na mvuto wa kitambaa chenyewe. Hauhitaji mshipi wa ngozi na haufanyi kivimbe chini ya shati la kawaida. Una faida nyingine ambayo watu wenye haya huiruka, nayo ni ya chooni: ala iliyofungwa kwenye mshipi hushuka pamoja na suruali, kwa hiyo mvaaji huitoa silaha na kuiweka kando, na kilichowekwa kando husahaulika. Mwaka 2015 iliripotiwa kwamba maofisa wa polisi wa Bunge la Marekani waliacha bastola zao vyooni, na mojawapo ilikutwa na mtoto. Mkanda wa tumboni hubaki mwilini, suruali iwe juu au chini.

Kuchomoa hakukunipa taabu nilipovaa shati. Nilipovaa kanzu ilikuwa kichekesho, kwa maana silaha haifikiki mpaka kanzu ipandishwe hadi kifuani mbele za watu.

Wauzaji husifu wepesi wa kuchomoa. Mimi hupima ala kwa namna inavyoipokea bastola inaporudi. Ala ngumu hubaki wazi, na mkono mmoja unatosha kuirudisha silaha huku macho yakiangalia. Mfuko wa elastiki hujikunja mara tu bastola inapotoka, kwa hiyo mkono wa pili lazima uushike na kuupanua, na mdomo wa mtutu hupita mbele ya vidole hivyo na mbele ya tumbo lenyewe. Mpwa wangu amenunua Glock, ambayo kwa kawaida haina kitasa cha usalama cha kusukumwa kwa kidole gumba. Kinga zake hujiondoa zenyewe kifyatulio kinapovutwa. Mvuto wa takriban kilo mbili na nusu unatosha, na bastola haibagui kati ya kidole, pindo la shati na mkunjo wa kitambaa cha mkanda.

Kilichonifanya niuvue ni jaribio nililolifanya chumbani. Nilitoa kasha la risasi, nikaikagua chemba, pale inapokaa risasi ya kufyatuliwa, mara mbili kwa jicho na kwa kidole, nikavuta slaidi, yaani sehemu ya juu inayosogea, ili bastola iwe tayari kufyatuka ikiwa tupu, kisha nikaichomeka mkandani na kubonyeza penye kifyatulio kwa kidole gumba kutoka nje ya kitambaa. Nilisikia "ta": bastola ilikuwa imefyatuka. Kama kidole kinaweza, basi kifungo cha mkanda wa gari kinaweza, na goti la mtoto anayepakatwa linaweza pia.

Plaxico Burress, mchezaji wa mpira wa Kimarekani, alijipiga risasi pajani katika klabu ya New York mnamo Novemba 2008, pale bastola aliyoichomeka kiunoni ilipoteleza ndani ya suruali naye akajaribu kuidaka. Hakuwa na ala yoyote, ila mkanda laini usiokinga kifyatulio hauko mbali sana na hali hiyo. Jasho letu la pwani pia hulilegeza elastiki na kukipaka chuma chumvi, na mkanda wangu ulianza kuteremka mwezi wa tatu.

Wapo wanaosema aivae bila risasi chembani. Kwa mwenye leseni mpya ninaliunga mkono shauri hilo, ila ajue kwamba siku ya haja atahitaji mikono miwili ili avute slaidi na kuingiza risasi chembani, na mmoja huenda umeshikwa na mtu mwingine.

Nilimjibu kwamba kama hana budi, anunue aina yenye gamba la plastiki ngumu lililofunika kifyatulio chote na linaloweza kubanduka. Kila asubuhi alibandue gamba, aichomeke bastola ndani yake ikiwa mbali na mwili, mtutu ukielekea mahali salama, ndipo alirudishe lote mkandani. Na akishachomoa nje, asijaribu kuirudisha ikiwa tumboni. Alilalamika kwamba gamba hilo litamchubua vilevile. Nadhani litamchubua, ingawa kidogo kuliko ile ala yake, ambayo kwa maoni yangu ina kasoro ya mshipi mwembamba tu. Nilimpa wangu mpana aujaribu kwanza.

Ule mkanda wa tumboni bado ninao. Nikisafiri kwenda Lamu hutia ndani yake pesa na kitambulisho.