Nguva wa Wangechi Mutu na nguva wa jarife

Kiingereza kina maneno mawili, Kiswahili kinalo moja tu. Nguva ni mnyama wa baharini anayenyonyesha, na nguva ni yule mwanamke mwenye mkia anayewapoteza mabaharia. Wangechi Mutu, msanii aliyezaliwa Nairobi mwaka 1972, alipofanya maonyesho London mwaka 2014 aliyaita Nguva na Nyoka, vivyo hivyo kwa Kiswahili. Nadhani jina lile peke yake ni nusu ya kazi.

Katika video yake ya 2013, Nguva, kiumbe cha kike kinatoka baharini na kuzurura nchi kavu, wala huambiwi kinatafuta nini. Mwaka 2017 akaja na Water Woman, sanamu nyeusi tii ya shaba: juu mwanamke, chini mkia. Haombi huruma. Ametulia kama mwenye nyumba anayesubiri mgeni ajieleze.

Sasa, mtu anayejali bahari ana haki ya kukereka. Nguva halisi hana nywele za kuchana. Ana kilo mia nne hivi, macho madogo, na shughuli yake ni kula majani ya bahari kama ng'ombe malishoni. Matiti yako karibu na kwapa, na huenda hapo ndipo hadithi ilipoanzia. Anapumua hewa kama sisi, kwa hiyo akinaswa na jarife, ule wavu wa macho makubwa unaotegewa papa na samaki aina ya taa, anakufa maji. Huzaa mtoto mmoja, kisha miaka inapita kabla ya mwingine. Mwaka 2022 nguva wa pwani ya Afrika Mashariki waliorodheshwa kuwa hatarini kabisa kutoweka. Kumgeuza jini wakati kama huu, wanasema, ni kumfukia mara mbili.

Na hadithi zenyewe hazikuwahi kumwokoa. Inasimuliwa kwamba zamani mvuvi aliyerudi na nguva aliapishwa kuwa hakumwingilia. Akishaapa, nyama inauzwa. Mwiko ulimlinda mnunuzi.

Hoja hiyo ni nzito, lakini hainitoshi. Mabango ya uhifadhi yametuzoesha kumwonea mnyama huruma, na huruma ni ya aliye juu kwa aliye chini. Mutu anaivuruga ngazi hiyo: nguva wake anatutazama, na hatujui anatuwazia nini. Bahari isiyotuwazia lolote ni rahisi kuigeuza jalala. Tena yeye hakumremba awe binti wa katuni; ana kitu cha kutisha, kama walivyokuwa nao wale wa simulizi za bibi. Kupunguza jarife ni kazi ya maafisa uvuvi na wavuvi wenyewe, tusimtwike msanii.

Ninachomlalamikia, au niseme ninacholalamikia soko la sanaa, ni mahali. Water Woman amewekwa katika bustani huko Austin, Texas. Nguva wachache waliosalia Tanzania wako upande wa Rufiji, Mafia na Kilwa. Natamani video ile ionyeshwe jioni moja pale Kilindoni, kisiwani Mafia, juu ya shuka jeupe, wavuvi wakiwa wamekaa mchangani. Wangecheka pale ambapo watu wa London wangenyamaza, halafu mzee mmoja angeinuka kusahihisha mkia.