Gari Likitoa "Sss", Sikio Litangulie Spana

Sauti ya "sss" chini ya boneti haitibiwi kwa kubadilisha vipuri kimoja baada ya kingine mpaka inyamaze. Nalisema hili kwa uchungu, maana yamenikuta.

Gari langu lilianza kutoa sauti hiyo likiwa limesimama, injini inawaka, sijakanyaga mafuta. Mngurumo ukawa unapanda na kushuka, kisha taa ya injini ikawaka kwenye dashibodi. Fundi wa kwanza alichomeka kompyuta, akasoma kodi P0171 (namba ya hitilafu), akasema ni sensa ya oksijeni, ile inayopima oksijeni kwenye moshi wa gari. Tukabadilisha. Mara plagi, mara koili. Sauti iko palepale.

Fundi wa pili, kabla hajashika spana, aliomba kipande cha mpira wa maji. Ncha moja akaiweka sikioni, ya pili akaipitisha juu ya injini polepole, akiikwepa feni na mikanda. Alipofika nyuma ya manifoldi ya hewa, yaani mabomba yanayogawa hewa kwenye silinda, akasimama. Palikuwa na kimpira cheusi, chembamba kama kidole cha mwisho. Ukikitazama kwa juu ni kizima kabisa. Alipokikunja kwenye kona, upande wa chini ukafunguka ufa wa urefu wa ukucha. Akauziba kwa kidole: mngurumo ukatulia papo hapo. Akaondoa kidole: ukaanza kuyumba tena.

Kodi ile ilikuwa imesema kweli. P0171 maana yake hewa imezidi petroli. Injini ya petroli huchoma vizuri ikipata takriban kilo 14.7 za hewa kwa kila kilo 1 ya petroli, na hewa iliyopenya kwenye ufa ule ilikuwa haijapimwa popote. Sensa ya oksijeni ilikuwa shahidi. Tukamng'oa shahidi, tukamwacha mwizi ndani.

Kwa hiyo mimi swali langu la kwanza siku hizi ni: inalia lini? Ikilia gari limesimama na kupungua ukikanyaga mafuta, shuku mipira ya hewa au gasketi ya manifoldi, kwa kuwa mvuto wa hewa huwa mkali zaidi injini ikiwa haijakanyagwa. Ikibadilika unapokanyaga breki, tazama busta ya breki, kile kifaa kinachotumia mvuto wa hewa wa injini kukurahisishia kukanyaga, na mpira wake. Zima injini, kanyaga pedali mara kadhaa mpaka iwe ngumu, iendelee kukanyagwa, kisha washa. Pedali ikizama kidogo, busta inafanya kazi. Isipozama, usiendeshe gari hilo mpaka lishughulikiwe. Kwenye gari lenye turbo (kifaa kinachosukuma hewa zaidi ndani ya injini), sauti inayokuja unapopanda mlima huku nguvu zikipungua mara nyingi ni paipu ya turbo iliyochomoka au kupasuka.

Ikilia baada ya kuzima, kuna mambo mawili yasiyofanana hata kidogo. Gesi ya kiyoyozi hutoa mlio mdogo kwa muda mfupi inapotulia kwenye mabomba yake. Hiyo ni kawaida. Lakini mlio wenye mvuke, au harufu tamutamu ya maji ya rejeta, ni uvujaji. Hapo nakuomba, mikono mbali na kifuniko. Rejeta hukaa na mgandamizo wa takriban baa 1 juu ya ule wa hewa ya nje, ndiyo maana maji yake yanaweza kufika karibu nyuzi 120 za Selsiasi bila kuchemka. Ukifungua, mgandamizo unaondoka, na maji yaleyale yanachemka ghafla na kukurukia usoni. Subiri mpaka injini ipoe kabisa.

Sipendi hata kidogo desturi ya kupulizia petroli au dawa ya kusafishia kabureta kwenye injini ya moto ili kutafuta ufa. Inafichua, lakini inaweza pia kuwasha moto. Maji kidogo kwenye chupa ya kupulizia, mbali na nyaya na koili, yanatosha: ukigusa penye ufa, sauti hubadilika. Karakana zenye mashine ya moshi, inayojaza moshi ndani ya mipira ili uonekane unapotokea, hufanya vizuri zaidi.

Kurekebisha kwenyewe ni kazi ndogo. Mpira ukipasuka nchani na una urefu wa ziada, kata, rudisha, kaza klipu. Ukipasuka katikati, weka mpya wa aina hiyohiyo. Gundi na utepe havidumu kwenye joto lile, na mpira wa kawaida wa maji unaweza kufyonzwa ukabonyea.

Baada ya hapo nilifuta kodi, nikaendesha siku kadhaa, nikarudi kusoma kompyuta. Marekebisho ya petroli, yaani kiasi ambacho kompyuta huongeza au kupunguza petroli, yalikuwa yameshuka karibu na sifuri.