Setilaiti Isiyosikika Haijajaribu Kitu

Setilaiti ya majaribio ijaribu kitu kimoja kipya. Vingine vyote, yaani redio, betri, kompyuta, viwe vya aina iliyokwisha kuruka na kusikika. Timu nyingi za vyuo hufanya kinyume: kila idara inaingiza kifaa chake, na setilaiti ikinyamaza hakuna ajuaye kipi kimeiua.

Tazama ACS3, setilaiti ya majaribio ya NASA, iliyorushwa kutoka New Zealand Aprili 2024. Kipya kilikuwa tanga la jua, yaani linalosukumwa na mwanga wa jua, la mita za mraba 80, na foromali zake nne, fito za kulitandaza, za nyuzi za kaboni, kila moja mita 7. Tanga lilipokunjuliwa, foromali moja ilipinda kidogo. Tunalijua hilo kwa sababu kamera na redio zilikuwa nzima, picha zikafika. Hitilafu yenyewe ikawa somo.

Sasa rudi kwenye setilaiti ndogo, kiboksi cha sentimita 10 kila upande, kipimo cha 1KUNS-PF ya Chuo Kikuu cha Nairobi (2018) na PearlAfricaSat-1 ya Uganda (2022). Upande mmoja wenye seli mbili nzuri za sola, ukilitazama jua moja kwa moja, hutoa kama wati 2.3. Mzunguko mmoja ni dakika 90 hivi, na zaidi ya 30 kati ya hizo zinaweza kuwa gizani. Humo betri ya lithiamu inapoa, na ikichajiwa chini ya nyuzi sifuri inaharibika isirekebishike. Kwa hiyo hita ya betri iingie kwenye hesabu ya umeme kabla ya kamera.

Lakini kinachonitia hofu kuliko vyote ni uzi. Antena ni utepe wa chuma kama wa futi ya fundi, umekunjwa na kufungwa kwa uzi wa nailoni uliolala juu ya rezista. Dakika 30 baada ya setilaiti kuachiwa, umeme unapita, rezista inapata moto, uzi unayeyuka, antena inafyatuka. Mezani hufyatuka mara ya kwanza, kila mtu anapiga makofi. Angani betri imeshuka volti, rezista imeanza na baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri, na mtikisiko wa roketi umelegeza fundo hadi uzi hauigusi tena. Nafasi ya milimita moja inatosha kupoteza kazi ya miaka mitatu, maana kwenye ombwe hakuna hewa ya kupeleka joto kwenye uzi.

Weka rezista mbili kwenye saketi mbili tofauti. Programu ichome kwa sekunde chache, ipumzike, irudie kila mzunguko hadi swichi ya antena ithibitishe kwamba imefunguka, na hata swichi ikigoma, redio ianze kutuma. Jaribu haya baada ya meza ya mtikisiko, ndani ya tangi la ombwe, kukiwa na baridi, betri ikiwa karibu tupu.

Halafu ifungeni setilaiti, achieni swichi zake za kuiwasha kana kwamba imetoka kwenye roketi, mwongee nayo kwa redio tu kwa siku tatu. Mtu akichomeka kebo kurekebisha chochote, hata mstari mmoja wa programu, siku tatu zianze kuhesabiwa upya.