Wanaolilia Safari za Kale Hawakubeba Mizigo

Nikijitambulisha hapa Wisconsin kwamba natoka Arusha, vijana huniuliza kama nimewahi kupanda Kilimanjaro. Wazee huniuliza kuhusu mwigizaji John Wayne. Filamu yake ya "Hatari!" ilipigwa kwetu, Momella na maeneo ya jirani, ikatoka 1962, na wapo wanaume wa huku wanaoijua Arusha ya filamu ile kuliko ninavyoijua mimi niliyezaliwa Kaloleni. Wanakumbuka faru akilipiga gari pembe ubavuni. Wanakumbuka vitoto vya tembo vikitimua mbio mjini mwishoni. Kisha wanashusha pumzi na kusema dunia ile imekwisha: mwindaji na bunduki yake ya mitutu miwili, hema la turubai, moto wa jioni, simba akinguruma gizani. Siku hizi, wanalalamika, safari ni watu waliojazana kwenye gari wakipiga picha.

Nawasikiliza kwa heshima, maana wengi wao ni watu wema, na filamu zenyewe nazipenda. Ila hakuna hata mmoja aliyewahi kuniambia ni nani aliyelibeba lile hema.

Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu kwenye urais wa Marekani, aliposhuka Mombasa Aprili 1909 kuja kuwinda, msafara wake ulikuwa na wapagazi zaidi ya 200. Yeye na mwanawe Kermit waliua wanyama 512, kwa hesabu aliyoiandika mwenyewe, na ngozi na mifupa vikapelekwa kwenye makumbusho ya Smithsonian. Vyote hivyo vilitoka porini hadi kwenye reli juu ya vichwa vya watu. Kabla hata hajamaliza safari yake, mtengenezaji wa filamu mmoja wa Chicago, William Selig, alinunua simba mzee, akamtafuta mwigizaji anayefanana na Roosevelt, akawakodi Wamarekani Weusi wa mji huo huo wawe wapagazi, na simba akapigwa risasi kweli mbele ya kamera. Watu walilipa kiingilio wakiamini wanaiona Afrika. Chicago iko chini ya saa mbili kwa gari kutoka ninapokaa. Pori la kwanza ambalo wengi walilipenda lilipandwa studioni huko.

Baadaye watengenezaji walikuja kweli. "Mogambo" ya 1953, yenye Clark Gable na Ava Gardner, ilianza kupigwa Kenya mwishoni mwa 1952, wiki chache tu baada ya Waingereza kutangaza hali ya hatari kwa sababu ya Mau Mau. Ukiitazama leo huwezi kujua kwamba nje ya fremu watu walikuwa wakikamatwa kwa maelfu. Ndani ya fremu kuna nyika, kuna sokwe, kuna wivu wa mapenzi.

Sasa niwaambie uwindaji ninaouona huku, maana ndio ulionifungua macho. Kila Novemba, kuanzia Jumamosi inayotangulia sikukuu ya Thanksgiving, kuna siku tisa za msimu wa kuwinda kulungu kwa bunduki. Karakana ninakofanya kazi hubaki nusu tupu. Wengine huchukua likizo, wengine huugua ghafla, na msimamizi hayupo wa kuwauliza, kwa kuwa naye yuko msituni. Zaidi ya watu nusu milioni hununua leseni katika jimbo hili moja, na kwa mkazi leseni hiyo haifiki dola 50. Fundi bomba anawinda, mwalimu anawinda, bibi mwenye wajukuu anawinda, wote wamevaa makoti ya rangi ya chungwa inayowaka, au ya waridi, ili wasipigane risasi.

Nilifuatana nao mara moja, kutazama tu. Mwenzangu alikaa juu ya mti tangu alfajiri kwenye baridi ya kuganda masharubu. Alipompata kulungu wake alimpasua mwenyewe, akamwaga matumbo kwenye theluji, akamfunga kamba na kumburuta kupita vichaka akihema, kitambi kikimtangulia. Hakuna aliyemshikia bunduki. Nyumbani kwake alimning'iniza kwenye boriti ya gereji, kichwa chini, na kesho yake kabla ya saa kumi na moja jioni akawa amemsajili kwa simu kama sheria inavyotaka. Tulikula nyama ile hadi Machi. Nilijiuliza, kama hawa ndio wawindaji, wale wa kwenye filamu wanaitwaje?

Kwetu Tanzania mambo ni kinyume. Wanyamwezi na Wakamba walikuwa wakiwinda tembo na kufikisha pembe pwani kabla mzungu hajajua njia. Mwaka 1896 gavana wa Kijerumani, Wissmann, akaleta amri ya leseni na ada na maeneo yaliyofungwa, likiwemo eneo la Rufiji. Kuanzia hapo aliyekuwa mwindaji akawa jangili, na mgeni mwenye karatasi akawa mwindaji. Pori lile watu waliliita Shamba la Bibi, Waingereza wakalipa jina la Selous mwaka 1922, jina la mwindaji wao aliyeuawa na Wajerumani hapo Beho Beho Januari 1917. Tangu 2019 sehemu yake kubwa ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Majina yamebadilika mara zote hizo, lakini mkulima wa Rufiji ambaye mahindi yake yameliwa na tembo usiku kucha bado anamsubiri bwana nyama, yaani afisa wa wanyamapori. Mgeni anayetaka simba analipa makumi ya maelfu ya dola na kukaa kambini kwa siku nyingi. Hatuwezi kuwa kama Wisconsin, najua. Tembo hazaliani kama kulungu, na sensa zetu zilionyesha walivyoporomoka kutoka 109,051 mwaka 2009 hadi 43,330 mwaka 2014. Ulinzi ni lazima. Lakini bei na sheria ndizo zinazoamua nani aitwe mwanamichezo na nani atiwe pingu.

Ningeishia hapo kama si baba mdogo. Alikuwa mchunaji kwenye kambi za uwindaji Selous, miaka ya 1980 na 1990. Nilimpigia nikitegemea ataniunga mkono.

"Shikamoo baba mdogo."

"Marahaba mwanangu. Huko bado baridi?"

Nikamweleza wazee wa huku wanavyozililia safari za zamani. Akacheka. "Hata mimi nazililia," akasema. Nikanyamaza.

Alinieleza kazi yake kama vile aliiacha jana. Ngozi ya simba haiharibikii mgongoni, inaharibikia masikioni na midomoni. Lazima uligeuze sikio ndani nje hadi ncha, uupasue mdomo uwe kama mfuko, ukwangue nyama kwenye mashina ya sharubu bila kuikata ngozi, kisha ukandike chumvi kwa kiganja kila mkunjo. Ukiacha kipande cha nyama kama ukucha, manyoya yananyonyoka, na mteja Texas anapata simba mwenye kipara. "Mzungu alipiga risasi moja akaenda kuoga," alisema. "Mimi nilikesha na karabai." Lakini kulikuwa na mshahara, kulikuwa na bakshishi ya dola, na nyama iligawiwa. Kwa kazi hiyo alisomesha watoto wanne. Marekani ilipozuia wawindaji wasiingize nyara za tembo, yaani pembe na ngozi za waliowaua, kutoka Tanzania mwaka 2014, wenzake waliokuwa bado kazini walisikia habari hiyo kabla ya mimi niliyekuwa Marekani. Vitalu vingi vya uwindaji vilirudishwa serikalini, na vijana waliojua kuchuna hivi wakaenda kuendesha bodaboda.

Kwa hiyo sikubaliani na wanaozililia safari za kale huku, wala na wanaotaka zifutwe kesho. Mwaka 2023 wabunge wa kuchaguliwa wa Uingereza walipitisha muswada wa kuzuia nyara zisiingizwe nchini, ukakwama kwenye baraza la juu, kwa malodi. Mwaka uliofuata Rais Masisi wa Botswana akatishia kuwapelekea Wajerumani, ambao serikali yao ilikuwa ikifikiria kubana uingizaji wa nyara, tembo 20,000 wakaishi nao. Nilifuatilia mabishano hayo kwa wiki kadhaa. Nilimsikia mwindaji, nilimsikia mtetezi wa wanyama, nilimsikia waziri. Mchunaji sikumsikia, wala traka anayefuata nyayo za mnyama, wala mpishi wa kambi.

Filamu ya uwindaji ninayoitaka mimi ingeanza pale ndege ya mteja inapopaa na kambi kubaki na wenyewe, taa imewashwa, visu vinanolewa. Baba mdogo ameikubali, kwa sharti moja: aigizwe na mtu mrefu.