Mkono Uliopanda Wenyewe

Mwezi uliopita nilikwenda mkutano wa mtaa wetu hapa Ngamiani, Tanga. Jua la saa kumi, viti vya plastiki vimeazimwa msibani. Mwenyekiti akasoma habari ya mchango wa kuzibua mtaro, kila kaya elfu tano. "Wanaoafiki?" Mikono ikapanda, na wangu ukapanda. Nusu ya maelezo sikuyasikia. Nilikuwa napiga soga na mama wa pembeni juu ya bei ya nazi.

Usiku ndipo nikajiuliza: mtaro upi? Na hizo hela nani anashika?

Ningelala zangu, ila wiki hiyohiyo nilikuwa nimenunua sare ya harusi ya binti wa shoga yangu. Kijora cha zambarau, rangi isiyonikaa tangu nizaliwe, na ada ya mwanangu haijaisha. Mama aliniuliza neno moja tu: "Mwanangu, watu watasemaje?" Nikatoa. Kijora kimevaliwa mara moja kiko kabatini, na mtoto alirudishwa nyumbani siku mbili.

Niliyeshindwa kumwambia shoga yangu "mwezi huu sina", ningewezaje kusimama mbele ya mtaa mzima nidai risiti?

Sisemi kupinga ndiyo ujasiri. Wapo wanaokataa kila kitu ili watazamwe, nao wanaishi kwa macho ya watu vilevile. Mimi namfikiria Zuberi Mtemvu, mwanasiasa wa zama za kudai uhuru wa Tanganyika. Mwaka 1958, Tabora, chama chake cha TANU, kilichoongozwa na Nyerere, kilikubali kuingia uchaguzi wa kura tatu: mpiga kura achague Mwafrika, Mzungu na Mwasia. Mtemvu hakuliafiki hilo, akatoka, akaunda chama kingine. Mwaka 1962 akagombea urais dhidi ya Nyerere, asipate hata kura mbili katika kila mia. Kwangu mimi alikosea, Nyerere aliona mbali. Lakini Nyerere naye alikuwa na kazi ya kuwashawishi wenzake waliochukia kura tatu. Ungewauliza usiku ule, kila mmoja angekuwa na jibu lake.

Jumapili nilimfuata mwenyekiti barazani kwake.

"Shikamoo mzee. Ule mtaro ni upi?"

"Marahaba. Wewe si ulinyoosha mkono?"

Akacheka, akanitolea daftari. Majina yetu yote yamo, na tiki. Ukurasa wa matumizi mweupe. Nikatoa elfu tano yangu, nikasubiri aniandikie risiti. Kalamu ilichukua muda kupatikana.

Kuna sare nyingine mwezi ujao, ya kijani. Simu imeita mara tatu tangu asubuhi.