Wameaga Tangu 2009, Sebuleni Bado Wapo

Kwanza makofi. Hujasikia nota hata moja, hujui hata kama spika inafanya kazi, tayari kuna umati unakupigia makelele sebuleni kana kwamba umerudi na kombe. Mama wa chumba cha pili anauliza dirishani, "Kaka, leo anacheza nani?" Utamjibuje? Utamwambia ni ibada, na yeye amesikia kabisa watu wakishangilia goli?

Albamu ya sifa yenye magitaa ya roki, iliyorekodiwa laivu, ni mgeni mwenye masharti. Ya studio unaiweka, inaimba, unakaanga vitunguu vyako, yameisha. Hii ya laivu inataka spika mbili, inataka faili zifuatane kama mabehewa, na inataka saa nzima na zaidi ambayo hakuna atakayekuita. Nyumba gani hiyo? Kwa hapa mjini labda ya kuhifadhia maiti.

Chukua Delirious?, bendi ya Waingereza wale wa roki ya sifa ambao jina lao lina alama ya kuuliza mwishoni, kama vile karani aliyeliandika hakuwa na hakika. Walianzia kwenye jioni za vijana zilizoitwa Cutting Edge, huko Littlehampton, mji mdogo wa pwani ya kusini ya Uingereza. Tarehe 29 Novemba 2009 wakapanda jukwaa la Hammersmith Apollo, London, kupiga tamasha la kuaga, na rekodi ya usiku ule ikawa albamu. Jengo lenyewe lilifunguliwa 1932 likiwa jumba la sinema, na watu wakisimama linameza kama 5,000. Hao 5,000 ndio unaotaka kuwaingiza kwenye chumba cha futi kumi kwa kumi na mbili, chenye kochi, friji na ndoo mbili za maji.

Ujue pia kwamba umati wa kwenye laivu haukurekodiwa kwa bahati. Kuna maiki zimetegwa ukingoni mwa jukwaa zikiwaangalia watu, na nyingine huko nyuma au zimening'inizwa juu. Sauti inatembea kama mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo maiki iliyo mita 34 kutoka jukwaani inasikia ngoma ikiwa imechelewa sehemu moja ya kumi ya sekunde. Fundi asipoivuta ikalingana na zile za mbele, kila pigo la ngoma linalia mara mbili, pa-pa, kama mtu anayeshuka ngazi na ndala. Halafu maiki hizohizo zinanasa na mngurumo wa spika kubwa za ukumbini, ndiyo maana fundi anazishusha bendi inapowaka na kuzipandisha wimbo unapotulia. Matokeo yake umati unafunguka na kufungwa kama maji ya mgao. Watu elfu tano wanaimba, mara kimya, mara hao wamerudi. Walikuwa wapi?

Sasa wewe kwa kubana bando ukapakua faili ya kilobiti 128 kwa sekunde. Haya, sikiliza makofi. Si makofi tena, ni dagaa kwenye mafuta ya moto. Na sababu ipo. Programu ya kubana sauti hupunguza kazi pale inapokutana na kitu kinachoendelea kwa utulivu, kama kinanda kilichoshikilia nota. Kofi moja ni mlipuko mfupi usio na nota, makofi elfu tano ni milipuko elfu tano isiyopangwa foleni, na biti hazitoshi kuwagawia wote. Inapaka rangi moja juu ya kila kitu na kuondoka. Hesabu ni hii: kwa 128 dakika moja inakula kama MB 1, wimbo wa dakika tisa kama MB 9. Kwa 320 dakika moja ni MB 2.4, wimbo uleule karibu MB 22. Kwa albamu ya studio unaweza kuvumilia hiyo ndogo. Kwa ya laivu, nunua bando la usiku, weka kengele, amka, pakua kubwa. Ndiyo, mtu mzima anaamka saa nane usiku kwa ajili ya makofi.

Na kwa nini wimbo uwe wa dakika tisa? Kosa ni la daraja, hicho kipande cha baada ya kiitikio cha pili ambacho wanamuziki wanakiita briji. Mstari mmoja, au miwili kama siku hiyo wameamka na ukarimu. Kwa mwendo wa mapigo 72 kwa dakika, briji ya baa nane, kila baa mapigo manne, inachukua sekunde 27 kasoro kidogo. Si nyingi. Lakini hawaimbi mara moja. Wanaimba mara nane, na mara nane ni dakika tatu na sekunde 33. Sima ya watu wawili inaiva. Mtu akipita mlangoni anadhani CD imekwaruzika.

Ukisikiliza kwa makini, hata hivyo, hakuna mzunguko unaofanana na mwingine. Wa kwanza ni sauti na kinanda tu. Wa pili linaingia ngoma kubwa la miguuni, du, du, du, kama mtu anayebisha hodi akiwa na shida ya kweli. Wa tatu na wa nne yanaingia matomu, besi inaacha kukaa na kuanza kutembea. Wa tano gitaa la kwanza, wa sita la pili, wa saba kila mtu anapiga alicho nacho na matoazi yanamwagika kama sahani kabatini. Ghafla wa nane bendi nzima inanyamaza, unabaki na umati peke yake. Hapo ndipo nywele zinasimama, na hapo ndipo, kama unasikiliza bure mtandaoni, tangazo linaingia: "KOPA SASA, LIPA BAADAYE!" Hawa watu wa matangazo wana mashushushu. Dakika tisa nzima walikuwa wapi, wakasubiri kimya?

Na usidhani kupanda kule ni kwa kubahatisha. Wanamuziki wamevaa vispika masikioni, na humo ndani kuna kliki inayogonga tik, tik, tik, mara nyingi na sauti ya mtu inayowahesabia: briji, mbili, tatu, nne. Wewe unafikiri mpiga ngoma amefumba macho kwa upako, kumbe anasikiliza saa. Silaumu. Bendi ya watu saba isiyo na saa inaanza kwa mwendo wa msiba inamaliza kwa mwendo wa mchakamchaka. Isitoshe, mwangwi wa gitaa unaitegemea saa hiyohiyo.

Huo mwangwi nao una mambo. Sauti hii ya gitaa linalojijibu lenyewe, ting-ti-ting-ti-ting, wengi wameiga kwa The Edge, mpiga gitaa wa bendi ya U2. Mpigaji anapiga nota chache tu, mashine ya dilei, ile ya kuchelewesha sauti na kuirudia, inajaza zilizobaki. Kanuni yake: chukua 45,000 gawa kwa mapigo ya dakika, jibu ni milisekunde za kusubiri kabla mwangwi haujajibu. Kwa mapigo 72 unapata 625, kwa 120 unapata 375. Akikosea akaacha 375 kwenye wimbo wa 72, gitaa linasikika kama mtu anayekurupuka kumjibu mwalimu kabla swali halijaisha. Akiweka marudio zaidi ya manne, nota za kodi iliyopita, yaani lile fungu la nota zinazopigwa pamoja, zinaingilia kodi mpya na kila kitu kinakuwa uji. Naam, kodi, na ziko nne tu wimbo mzima: G, D, E ndogo, C. Hizo ndizo kodi pekee mjini hapa ambazo hazijapanda tangu mwaka jana.

Sasa mwangwi huo wameutupa kushoto na kulia. Gitaa linauliza sikio hili, linajibiwa sikio lile. Raha iliyoje, kama hedifoni zako zina masikio yote mawili. Zetu zina moja. Jingine lilikufa pale kwenye maungio karibu na plagi, panapokunjwa kila siku mfukoni, na ukiushika waya kwa pembe fulani huku umezuia pumzi linafufuka sekunde tatu. Kwa hiyo kwenye daladala unasikia maswali tu, majibu yamebaki upande wa marehemu. Ingia kwenye mipangilio ya simu, sehemu ya ufikivu, washa sauti ya mono. Pande zote mbili zitaingia kwenye sikio lililo hai. Utapoteza upana, umati utasogea na kubanana katikati kama abiria wa Mbagala saa kumi na mbili jioni, lakini angalau mazungumzo yanakamilika.

Sabufa ndiyo adui wa pili. Kila mtu anaiweka kwenye kona, na kona inaongeza besi, ukuta huku, ukuta kule, sakafu chini. Laivu tayari ina mngurumo wa ukumbi. Jumlisha kona, jumlisha kitufe cha besi kilichozungushwa mpaka mwisho na kaka mdogo, unapata albamu ambayo mwimbaji yuko ndani ya pipa na pipa liko kwenye tela. Itoe kwenye kona, hata nusu mita inasaidia. Rudisha besi katikati. Zile spika ndogo mbili usiziweke zote juu ya televisheni zimeegemeana kama wachumba. Zitenganishe kama mita mbili, kimo cha sikio la mtu aliyekaa. Ukifanya hivyo umati unaanza kuzunguka chumba, na shemeji anaingia kuuliza nani amehamisha spika.

Kuimba nao sikushauri. Mwimbaji wa kiume wa roki ya sifa anaanza ubeti chini kabisa, karibu ananong'ona, na wewe na sauti yako ya kawaida unamfuata kwa furaha, "kumbe naweza." Mtego. Kiitikio cha mwisho anaruka oktavo nzima. Yeye anaendelea kama hakuna kilichotokea, wewe mishipa ya shingo imesimama na mtoto anakuletea maji. Nyimbo kadhaa za aina hii ziko kwenye kii ya B, na mpiga gitaa hana habari, amefunga kapo, kile kibanio cha nyuzi, fret ya nne anapiga maumbo ya G kwa raha zake. Kanisani, ndugu zangu wa timu ya sifa, toeni hiyo kapo. Mmeshuka mpaka G, nusutoni nne, na mzee wa kanisa naye ataimba.

Na mkitafsiri, hesabuni silabi kabla ya kuhesabu upako. Kiingereza kina maneno ya silabi moja moja, nota moja neno moja. "Nitakuabudu" lina silabi sita, ni-ta-ku-a-bu-du, na nota zilizopo ni nne. Abiria sita, siti ya wanne. Wawili wananing'inia mlangoni, na ndio hao unaowasikia Jumapili wakikimbizwa, "ntakwabudu." Afadhali mtafute neno fupi kuliko kumbana Mungu kwenye nota.

Tumalizie na flashi, maana hapa ndipo albamu za laivu zinapokufa. Kwanza, MP3 inapangwa kwa vipande vya sampuli 1,152, kama sehemu 26 za elfu za sekunde kila kimoja. Wimbo usipojaza kipande cha mwisho, programu inajazia kimya. Kwenye studio huoni, wimbo umeisha. Kwenye laivu makofi yanavuka kutoka wimbo wa 4 kwenda wa 5, na pale mpakani umati wote unapata kwikwi. Watu elfu tano, kwikwi moja. Baadhi ya programu za simu zinajua kuukata huo ukimya, sabufa ya sokoni haijui na haitaki kujua. FLAC, faili kubwa isiyopunguza kitu kwenye sauti, haina shida hiyo, lakini sabufa nyingi za bei zetu ukizipa FLAC zinakuangalia tu.

Pili, na hili ndilo linaloumiza: sabufa nyingi hazisomi majina ya faili. Zinasoma mpangilio ambao faili ziliingia kwenye flashi. Unaweza kuandika 01, 02, 03 kwa mwandiko mzuri kabisa, kompyuta ikainakili 07 kwanza kwa sababu zake binafsi, na 07 ndiyo itakayoanza. Dawa ni kufomati flashi kwa FAT32, halafu kunakili wimbo mmojammoja kwa zamu, ya 01 iishe ndipo uweke 02. Inachosha, lakini inafanya kazi.

Usipofanya hivyo, tamasha la kuaga linakwenda hivi. Wanaaga wimbo wa tatu. Umati unalia. Wimbo wa nne wanaingia jukwaani kwa mara ya kwanza, umati unawapokea kama hawajawahi kuonana. Wa sita wanashukuru kwa miaka yote. Wa saba ni wa pili. Na kwa kuwa sabufa imekwama kwenye kurudia yote, zikiisha wanarudi tena kuaga, yale makofi ya mwanzo yanaanza upya, na mama wa chumba cha pili yuko dirishani: "Kaka, wamesawazisha?"

Rimoti haina betri, ziko kwenye saa ya ukutani. Vuta plagi.