Ukuta wa siti ya nyuma mbona siuoni ukiuzwa?

Jamani hivi hawa wanaotengeneza magari wana watoto kweli? Maana kila kero ya kwenye gari imeshatafutiwa dawa isipokuwa ugomvi wa watoto siti ya nyuma. Mvua ikinyesha kuna waipa, mwaka 1903 tu huko mama mmoja Mmarekani, Mary Anderson, alishapewa hataza yake. Mkanda wa pointi tatu Nils Bohlin wa Volvo aliuleta 1959 na kampuni ikaacha wenzao wautumie bure, Mungu awazidishie. Sasa mkanda unamzuia mtoto asirushwe mbele, wa kumzuia asimfuate mwenzake pembeni nani alikumbuka? Hakuna.

Na ugomvi wenyewe mkisikia mtacheka. "Baba, ananiangaliaaa!" Basi, hiyo ndo kesi nzima. Namuuliza mshtakiwa, anajitetea eti alikuwa anaangalia dirisha, ila dirisha ndo liko upande wa mwenzake. Kabla sijatoa hukumu wanalia tena mguu umevuka mpaka, mpaka upi mimi siujui maana siti ni moja imeshonwa mfululizo, na hapo niko kwenye raundi abauti, mkono mmoja usukani, mwingine unapapasa nyuma kutafuta goti lolote litakalopatikana.

Ndo nikaamua kubuni mwenyewe. Nikaanza na pazia. Pazia linapigika ngumi bwana, aliyepiga haonekani, aliyepigwa hana ushahidi, mimi hakimu nabaki naangalia kitambaa kinatikisika. Haya, plastiki ngumu ya kuonesha ng'ambo? Tumerudi kulekule kwenye ananiangalia, na safari hii anaangaliwa na pua iliyobonyezwa kwenye kioo na ulimi juu. Zile teksi nyeusi za London zina kioo ndani ila wamekiweka kati ya dereva na abiria, yaani Waingereza walishapiga hesabu wakaona aokolewe dereva, huko nyuma watajuana. Sio wajinga wale.

Ubao nao nikaufikiria, ila ukifunga breki ghafla kitu ambacho hakijafungwa kinaendelea na spidi ileile gari lilikuwa nayo, kwa hiyo ubao wote utakuja kutua kisogoni kwangu. Ukiukaza na bolti unakutana na eabegi za pembeni, zile zinazoshuka kufunika madirisha, zinafumuka kabla hujapepesa jicho na hazitaki kukuta kitu njiani. Halafu klipu za mikanda ziko wapi? Palepale ninapotaka kujenga! Kwa hiyo ukuta uwe laini, mwepesi, umefungwa vizuri, usipitishe kidole wala jicho wala sauti (sauti hasa). Ukijumlisha hizo sifa zote unapata godoro. Godoro limesimama wima katikati ya gari, na kioo cha ndani hapo hakina kazi tena, sioni nyuma, ingawa kusema ukweli kwa ninayoyaonaga humo sidhani kama ni hasara kubwa.

Tena watoto wenyewe watatu. Ukuta mmoja maana yake wawili wanabaki chumba kimoja, na wowote wawili utakaowaweka pamoja ndo haohao wanaogombana, kwa hiyo magodoro yawe mawili. Sasa piga picha huyo wa katikati. Miguu iko juu ya lile tuta la sakafuni, dirisha hana, kulia godoro, kushoto godoro, wa kugombana naye hayupo. Mbele yake kuna upenyo mmoja tu, na kwenye huo upenyo kuna mimi. Nimemkalisha hapo wa mwisho kwa majaribio na mito ya kitandani, gari hata sijaliwasha.

"Baba, mbona nywele za huku nyuma zimeisha?"